Sangara wa Baba

Juzi nilipita pale Igoma, upande wa mafundi, nikasikia harufu ya solusheni ya kubandikia viraka vya tyubu, miguu ikagoma kuendelea. Mtu mzima na vikapu vyangu nikasimama njiani kama nguzo ya umeme, pikipiki zinanipigia honi kushoto na kulia, kijana mmoja akaniuliza kama barabara nimeinunua. Harufu ile ikinishika hainiachii mpaka inifikishe kwenye karakana ya baba yangu. Kwa udogo wake, kuku wawili wangegombana humo ndani na mmoja angekosa pa kukimbilia. Lakini mimi nikiwa mtoto niliamini hakuna kiwanda kikubwa kuliko kile Afrika Mashariki nzima.

Baba alikuwa fundi baiskeli kwa riziki na manju kwa damu. Manju ndiye mtunzi wa nyimbo na kiongozi wa kundi la ngoma, na kwetu Usukumani manju mzuri anajulikana kuliko mkuu wa wilaya. Wenzangu mliokulia kanda ya ziwa mnayajua haya, lakini nawaeleza walioletwa na uhamisho: ngoma zetu ni mashindano. Mavuno yakishaingia ghalani, makundi mawili yanaingia uwanja mmoja kwa wakati mmoja, moja huku na jingine kule, yote yanapiga na kuimba kwa pamoja. Hakuna meza ya waamuzi wala karatasi za alama. Watazamaji wanahukumu kwa miguu. Kundi likiwachosha, wanahama. Mwisho wa siku mwenye watu wengi ndiye mshindi, na aliyebaki na mbwa na bibi yake anafunga ngoma zake akiangalia chini.

Ilikuwa miaka ile mambo ya biashara yalipofunguliwa. Mitumba ilijaa masokoni, kila mwenye chumba cha mbele akakigeuza duka, na kando ya ziwa viwanda vya samaki vikawa vinamchuna sangara mchana na usiku. Minofu ilipanda ndege kwenda Ulaya. Sisi tukabaki na mapanki, yaani kichwa, mgongo na mkia, na tulivyoyafyonza mapanki yale, nawaambieni, paka wa Mwanza walitaka kuandamana.

Hapo ndipo baba alipopata wazo lake. Mwaka mzima alikusanya fremu za baiskeli zilizokufa akaziunganisha kuwa mifupa, akapasua madebe ya mafuta ya kula akayapiga nyundo kuwa magamba, akaweka taa za lori kuwa macho. Taya alilifunga kwa waya wa breki, ukivuta huku linafunguka kule. Akapatikana sangara mkubwa kuliko nyumba yetu, anayetembea kwa magurudumu, na mdomo wake ukifunguka manju anatoka humo akiimba. Mama alikuwa anauza mitumba, naye alitoa mapazia yake mazuri meupe yakawa tumbo la samaki.

"Baba Kabula," akamwambia, "huyu samaki akishindwa, utalala humo ndani yake."

"Akishinda je?"

"Akishinda, mlale wote wawili kitandani. Mimi nitahamia humo."

Asubuhi ya mashindano, kule Misungwi, baba alikaa kwenye kigoda kifua wazi, na Mzee Shija akaja na pembe yake ya dawa. Mzee Shija alikuwa mpiga ngoma mkuu wa kundi, na yeye ndiye aliyewapaka wachezaji dawa ya kuita watu. Kila kundi lilikuwa na yake. Akachovya kidole, akampaka baba kitu cheusi chenye mafuta, kifuani na mabegani.

"Dawa hii inataka watu, Masanja," akasema akicheka. "Wakija, itashiba. Wasipokuja, itamla mwenyewe."

"Basi leo itavimbiwa," baba akajibu, na kundi zima likaangua kicheko.

Mimi sikucheka. Nilikuwa mtoto wa darasa la kwanza, nimeketi karibu kabisa, na nilikiangalia kile kitu cheusi kikimeremeta kwenye ngozi ya baba nikaona wazi kwamba kina njaa.

Sasa siku yenyewe ilivyokuwa, hata nikisema mara mia nitakuwa nimepunguza. Kundi la upande wa pili lilikuwa na chatu hai, mrefu kama reli ya Tabora, na mwanzoni watu wote walikuwa kwake. Upande wetu ulikuwa mtupu, kuna mama yangu, mimi, na mzee mmoja aliyekuwa amelala. Ndipo sangara akaingia. Alikuja polepole kutoka nyuma ya miti ya mikaratusi, vijana wamejificha ndani wanasukuma, magamba yanawaka kwa jua, na Mzee Shija anampigia ngoma nzito ya kutembea nayo. Watu wakageuza shingo. Taya likafunguka, ukatoka moshi, na ndani ya moshi akatoka baba yangu, amevaa koti la mvua la kike kutoka kwenye mitumba ya mama, anaimba kwa Kisukuma maneno ambayo kwa Kiswahili ni kama hivi: mnofu umepanda ndege haukuniaga, mfupa ndio umekuja, umeniamkia shikamoo, nami nimeitika marahaba, karibu sufuriani.

Walikimbia. Si kutembea, walikimbia. Kwanza nilisikia ardhi, kisha nikaona vumbi, kisha nikawaona watu wenyewe wanatoka kule kwa chatu wanakuja kwetu kama ng'ombe walioona maji. Wanawake walipiga vigelegele, wanaume wakarusha kofia, na chatu wa watu akabaki amejikunja peke yake anasikitika. Baba aliimba mpaka jua likashuka. Alikuwa na uso ambao sikuwahi kumwona nao, uso wa mtu anayeitwa jina lake na dunia nzima kwa mara moja. Tulirudi Igoma juu ya lori la pamba tukiwa na dume la ng'ombe la ushindi, na njia nzima watu walitoka majumbani wakipiga kelele, "Sangara! Sangara!" Nadhani hata mawe ya Mwanza yalitikisika, ila hayakutaka kukiri.

Ng'ombe akaliwa. Nyimbo zikaimbwa mpaka sauti zikakauka. Halafu, kama ilivyo kila mwaka, watu wakaondoka. Mmoja alikuwa na pamba yake Misungwi, mwingine akapanda kivuko kwenda Kamanga na kwao Sengerema, wengine wakarudi kuvua visiwani. Mzee Shija akafunga ngoma zake kwenye mkeka akaaga. Sangara akaegeshwa nyuma ya nyumba, kuku wakaanza kutagia tumboni mwake.

Na baba akalala.

Sisemi alilala usingizi. Alijilaza, ameelekea ukutani. Karakana haikufunguliwa. Wateja walikuja na baiskeli zao zilizotoboka, wakagonga, wakaondoka wakizikokota. Majirani wakawa na majibu tele: wapo waliosema ni malaria, tukamletea vidonge, na wapo waliosema wenye chatu wamemrudishia kwa uchawi. Baba hakuwa na homa wala hakulalamika popote. Kelele za mpira zikisikika kutoka uwanjani alikuwa anainuka, anakaa wima, anasikiliza kwa mwili mzima, kisha anajilaza tena taratibu kama mtu anayerudishwa chini na mkono.

"Baba Kabula, uji unapoa."

"Acha upoe."

"Nani kakuudhi?"

"Hakuna."

"Sasa?"

"Mama Kabula, ulisikia pale walipokimbia? Ile ardhi?"

"Nilisikia. Si nilikuwepo?"

"Basi," akasema, akageukia ukuta.

Mama alitoka nje na bakuli la uji akasimama nalo, hajui aliweke wapi. Lakini mimi nilijua kila kitu. Nilikuwa nimemsikia Mzee Shija kwa masikio yangu. Dawa inataka watu, na watu wameondoka, kwa hiyo dawa inamla baba. Niliutazama mgongo wake, nikaona mifupa ya mabega imeanza kutokeza, nikahesabu kwamba dawa imeshaanza na nyama ya mgongoni. Kumwambia mama sikuthubutu, maana mambo ya dawa ya ngoma si ya watoto. Ila sikuona ugumu wowote. Kama dawa ina njaa ya watu, nitaitafutia watu.

Nilianzia bombani, wanakochota maji watoto wote wa mtaa.

"Leo jioni sangara wa baba anatembea," nikatangaza.

"Muongo!" akasema Neema, ambaye hakuwahi kuamini hata jua. "Bati litatembeaje?"

"Litatembea. Na litameza mtu."

"Limmeze nani?"

"Wewe, ukichelewa."

Neema akaacha ndoo yake pale pale. Kutoka bombani habari ikapanda mtaani kwa miguu yake yenyewe, na kila ilipopita iliongezeka unene. Kufikia jioni ilikuwa inasemwa kwamba sangara atapumua moto, kwamba manju ana wimbo mpya, na kwamba kila atakayekuja atapewa mnofu. Wakajaa. Wakajaa uani, wakajaa njiani, wakapanda juu ya ukuta wa jirani. Mama wa chapati wa mtaa wetu alikuja na mwiko mkononi. Mama yangu bado alikuwa sokoni, na mimi nilisimama kwenye kizingiti kama mwenye mji, nikaanza mwenyewe: "Sangara! Sangara!" Wakaitikia wote.

Mlango ukafunguka. Baba alitoka na kaptula na singlendi, macho mekundu, nywele zimelala upande mmoja.

"Kuna nini? Nani kafa?"

"Imba, Sangara!"

Akawatazama. Nikaona uso ule wa Misungwi unapanda, unatoka chini kabisa na kuja juu kama maji yanavyopanda kwenye pampu. Akaimba. Hakuwa na ngoma wala njuga wala koti la mvua, na sangara hakusogea hata kidogo, lakini hakuna aliyedai kusogea kwake. Mpaka leo sijasikia sauti iliyoimba vile. Mama wa chapati alilia, na yule hakuwa mtu wa kulia, aliwahi kung'olewa jino huku anageuza chapati. Mimi niliangalia mabega ya baba, nikaona yanajaa. Dawa inakula, nikasema moyoni. Inashiba.

Kisha mama wa chapati akakumbuka chapati zake.

Hakufanya ubaya. Alifuta macho, akaondoka. Na mwingine akakumbuka mboga jikoni, mwingine akaitwa na mumewe, watoto wakaitwa kuoga. Walitoka mmoja mmoja, taratibu, wengine wanampungia mkono. Baba akaendelea kuimba, na kila alipotoka mtu sauti ilipungua kidogo, mpaka akabaki mtoto mmoja mdogo mwenye kamasi, amesimama kidole mdomoni, na baba anamwimbia yeye peke yake kana kwamba ni Misungwi nzima. Dada yake akaja akamshika mkono. "Twende, mama anakuita." Mtoto akaenda akigeuka nyuma.

Baba akakatisha wimbo katikati ya neno. Akaingia ndani, hakunitazama. Tangu siku hiyo hata mpira ukipigiwa kelele hakuinuka tena.

Mama akatuma watu kumwita Mzee Shija kwao Misungwi. Alipofika, mama alimpa kigoda, akamwamkia vizuri, akamletea maji, kisha akamkalia mbele. Mzee hakuwahi hata kunywa.

"Babu," nikadakia, maana sikuweza kuvumilia zaidi, "ni ile dawa. Inamla. Nimeiletea watu ikashiba, wakaondoka, sasa ina njaa kuliko mwanzo."

Mzee Shija alinigeukia. Midomo ikamcheza kama anataka kucheka, lakini macho yake yalikuwa mahali pengine.

"Mjukuu wangu," akasema, "ile ni samli na masizi ya chungu."

"Masizi!" akasema mama. Nilijua ile sauti, ilikuwa ya chini, ya hatari. "Haya, mzee wangu, yawe masizi. Mna masizi ya kumwingiza mtu uwanjani. Ya kumtoa je? Mmeniletea mwanaume amekaa kule juu kwenye sauti za watu, mmemshusha kwenye lori, mmeaga. Dawa ya kumtoa iko wapi?"

Mzee Shija akalikuna sikio lake. "Hiyo, mwanangu," akasema, "hatujawahi kuulizwa."

Akaingia chumbani kwa baba, akakaa naye mpaka jioni. Sikusikia wakizungumza. Alipotoka alikuwa amezeeka.

Kilichofuata alikibuni mama, wala hakukisoma popote. Alianza kuazima pancha. Alikuwa anapita kwa majirani asubuhi, "Shemeji, hakuna baiskeli iliyotoboka hapa?" na akikosa, mimi naapa aliwahi kuonekana karibu na baiskeli nzima akiwa na msumari. Analeta baiskeli mpaka chumbani, anaiegemeza kitandani, mahali ambapo baba akigeuka lazima pua yake iguse spoku. Anatoka.

Siku za kwanza baiskeli zilitoka kama zilivyoingia. Halafu siku moja nikasikia kutoka chumbani mlio wa msasa unaokwangua tyubu. Baba alikuwa amelala vile vile, uso ukutani, lakini mikono yake nyuma ya mgongo ilikuwa inafanya kazi, kana kwamba ni ya mtu mwingine. Nyumba ikajaa harufu ya solusheni. Mama alikuwa anachambua mchicha uani. Akaacha, akafumba macho, akavuta ile harufu kama watu wanavyovuta harufu ya pilau.

Polepole baba akahamia kizingitini, kutoka kizingitini akaenda karakana. Mvua zilipoanza alikuwa anatania wateja. Lakini kuna sehemu yake haikurudi, na sisi tukajifunza kupita pembeni yake kama unavyopita pembeni ya shimo lililo uani kwako.

Nilikuja kuielewa nikiwa na watoto wangu. Nilisoma masomo ya jioni, nikasinzia juu ya aljebra mpaka nikaota mabano, na nilipofaulu, ukoo wangu ulipika kana kwamba nimeteuliwa waziri. Asubuhi yake nilikuwa naosha masufuria, nikajikuta nalia kwa kwikwi ndani ya maji ya sabuni. Mume wangu akauliza nani kaniudhi. Nikasema hakuna. Akauliza, sasa? Nikazamisha mikono tena kwenye maji, kwa sababu nilitambua kwamba iliyokuwa inajibu ni sauti ya baba. Toka hapo, ikifanyika harusi au kipaimara nyumbani kwangu, nabakiza vyombo vichafu makusudi, tena vingi, ili asubuhi ikinikuta iwe na pa kunishika. Wakwe wananiita mchafu. Waendelee.

Lakini nilikuwa naeleza ya baba. Mavuno ya mwaka uliofuata yakaja, na kundi likaja kumchukua. Mama alisimama mlangoni.

"Usiende."

"Nisipokwenda nitakuwa nani, Mama Kabula?"

Mama akapisha mlango. Akamkunjia lile koti la mvua, na safari hii tukaenda naye wote wawili.

Sangara alipakwa rangi mpya, na macho yake yaliwashwa na dainamo ya baiskeli. Alipotoka nyuma ya miti, watu walimpokea kwa shangwe, na baba alipotoka mdomoni akiimba niliuona ule uso, ukaja wote. Nikajua sisi tumeshinda tena, na nikaogopa.

Ndipo upande wa pili wakavuta kamba ya jenereta. Hatukuwahi kuona jenereta uwanja wa ngoma. Iliguruma, na kwenye spika kubwa zilizofungwa juu ya gari ikatoka sauti ya manju wao, kubwa mara kumi kuliko ya binadamu, ikapasua anga, ikaingia vifuani mwetu bila kubisha hodi. Watu wakageuza shingo. Niliijua ile shingo inavyogeuka. Kisha ardhi ikaanza kutikisika, na mwaka ule ilitikisika ikienda mbali na sisi. Walitupita kulia na kushoto, mmoja akanipiga kumbo nikaanguka, mama akaniinua kwa mkono mmoja. Vumbi lilipotulia tulikuwa tumebaki mama na mimi, na nyuma yetu uwanja mtupu wenye kofia na maganda ya miwa.

Baba hakuacha kuimba. Mzee Shija alimpigia, vijana waliobaki walimwitikia, naye akaimba mbele yetu, karibu kiasi kwamba niliona jasho likiteremka kwenye masizi kifuani mwake. Nilimpungia mkono. Nikaruka ruka. Nikaita, "Baba! Sisi tupo!" Tulikuwa pale, hatua chache tu, tumemkodolea macho kwa mapenzi yote tuliyonayo, na yeye alikuwa anatazama juu ya vichwa vyetu, kule walikokwenda.

Nikamgeukia mama. Alikuwa ameliona nililoliona, na machozi yanamshuka bila yeye kuyafuta, kwa sababu mikono yake ilikuwa na kazi.

"Piga makofi, Kabula," akaniambia. "Baba yako hajamaliza."

Nikapiga.